Kutoka Menengai hadi Ziwani: Shajara ya Uchunguzi wa Mtaa wa Kaptembwo

Jumatatu

Tumeuanza uchunguzi wetu mbali na mtaa wenyewe, juu ya ukingo wa Menengai, volkano iliyo juu ya mji wa Nakuru, kwa sababu Kaptembwo haieleweki mpaka mtu aone maji yake yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Wanafunzi wangu wa jiografia wa kidato cha tatu, ambao wengi wao wamezaliwa na kulelewa katika mtaa huo, walinung'unika kupandishwa mlima katika likizo ya Aprili ili waangalie kwa mbali mapaa wanayolala chini yake. Tulipofika juu manung'uniko yalikoma, kwa kuwa hapo kila mmoja alishughulika kuitafuta nyumba yao.

Upande wa kaskazini limekaa shimo lenyewe, kaldera yenye urefu wa takriban kilomita 12 na upana wa kilomita 8, sakafu yake imefunikwa na lava iliyoganda na vichaka, huku mvuke ukifuka hapa na pale. Upande wa kusini mji wote wa Nakuru umeenea kwenye mteremko: njia ya reli iliyofika hapa mwaka 1900, barabara kuu, maghala ya nafaka, mapaa ya mabati yanayometa upande wa magharibi, halafu ukanda wa kijani wa hifadhi na, mwisho wa yote, Ziwa Nakuru. Kilele cha Menengai kina mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini yake kwa zaidi ya mita 500. Katikati ya ncha hizo mbili wamejipanga watu 570,674 waliohesabiwa mjini katika sensa ya 2019, miaka miwili kabla Nakuru haijapewa hadhi ya jiji, la nne nchini, tarehe 1 Desemba 2021.

Jambo ambalo nilitaka walione kwa macho, kuliko kulisoma kitabuni, ni kwamba ziwa hili halina mto unaotoka. Mito inaingia, maji yanapaa kwa jua, na kila kilichobebwa na maji hayo kinabaki. Tumeishi katika karai lisilo na tundu. Niliwaandikisha swali moja juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, wakae nalo mpaka mwisho wa safari: kitu kikitoka katika ploti yenu, kinaishia wapi? Nilipokusanya majibu kabla ya kushuka, mengi yalikuwa mafupi. "Kwa mtaro." "Gari la taka huchukua." Kijana mmoja aliandika "chini," na sikumwambia kama amepata au amekosa.

Jumanne

Kaptembwo iko magharibi mwa mji, na umbo lake linaelezwa na historia ya ardhi yake kuliko kitu kingine chochote. Sehemu kubwa ya upande huu ilikuwa mashamba ya walowezi ambayo, baada ya uhuru, yalinunuliwa na vyama vya ushirika na makampuni ya kununua ardhi. Wanachama walichangishana pesa za hisa, na baadaye kila mwenye hisa akakatiwa kipande chake. Aliyechanga alitaka ploti. Hakuna aliyechanga kwa ajili ya mtaro wa maji ya mvua, uwanja wa watoto, au mahali pa kuweka pipa la taka, na kwa hiyo, wakati mji ulipopanuka na wapangaji wakaongezeka, vitu hivyo vililazimika kujibanza katika nafasi iliyobaki, ambayo ilikuwa ndogo mno.

Ploti ya kawaida ni ile ambayo kila fundi hapa huiita hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100. Ndani yake hujengwa safu mbili za vyumba vinavyotazamana, ukumbi wa saruji katikati, kamba za kuanikia nguo juu, na vyoo na bafu upande wa nyuma. Tulipiga hodi kwenye geti la kwanza tukakaribishwa na mama mmoja aliyekuwa akipepeta maharagwe. "Karibuni, Mwalimu," alisema, "lakini msije mkaandika kwamba sisi ni wachafu." Nilimwahidi kwamba tutaandika tutakachokiona.

Tulichokiona ni ukumbi uliopigwa deki tangu asubuhi. Kwenye mlango wa choo palibandikwa karatasi yenye majina ya vyumba na siku ya kila kimoja kusafisha, na mama huyo alitueleza kwamba mpangaji anayeruka zamu yake huulizwa na jirani kabla msimamizi wa ploti hajajua. Ndoo zilikuwa na vifuniko. Viatu vya watoto vilipangwa nje ya milango. Tuliingia ploti nyingine na nyingine tena, na ingawa kulikuwa na tofauti, hasa pale mwenye nyumba alipoishi mbali na kumwacha msimamizi asiye na uwezo wa kufanya uamuzi wowote, hali ya jumla ilikuwa ile ile: ndani ya geti kuna utaratibu, na utaratibu huo unasimamiwa na watu wanaojuana kwa majina.

Nje ya geti ufagio unakoma. Hatua moja tu kutoka kizingitini, maji ya kufulia yanasimama kwenye kidimbwi cha kijivu, maganda ya ndizi na nepi zilizotumika zimerundikana pembeni, na mbwa wanachakura. Nimesoma ripoti kadhaa zinazoitaja mitaa ya aina hii kuwa michafu, na baada ya leo nadhani waandishi wake walipita njiani bila kubisha mlango wowote. Tulikubaliana tuchore ramani kwa rangi tatu. Bluu ni kitu chenye mwenyewe anayejulikana, kijani ni kinachotumiwa na kundi la watu waliopangiana zamu, nyekundu ni kile ambacho tukiuliza "hiki ni cha nani?" tunajibiwa kwa kuinuliwa mabega. Jioni tulipozitandaza karatasi zote juu ya meza, bluu na kijani zilikuwa zimejaa vipande vya mraba, na nyekundu imepita kati ya vipande vyote bila kukatika popote: mitaro, pembe za barabara, ukingo wa ukuta wa kanisa, ploti tupu.

Jumatano

Leo tumefuata maji yanayoingia. Ploti zilizounganishwa na bomba hupata maji kwa mgao, hivyo kila mwenye nafasi ana tangi au mapipa, na asiye navyo hununua kwenye kioski kwa mtungi wa lita 20 au huletewa kwa mkokoteni. Wanafunzi waliketi karibu na kioski kimoja tangu alfajiri wakiandika ni nani anayekuja kuteka. Wengi walikuwa watoto na akina mama kabla ya saa mbili, kisha wenye mikokoteni, kisha wapishi wa vibandani. Sehemu hii ya siku haikuwa na mengi mapya kwa vijana ambao wamebeba mitungi hiyo tangu darasa la pili.

Kilichowashika ni jambo walilokuwa nalo midomoni mwao. Nilimwomba kila mmoja atabasamu. Kadhaa kati yao wana meno yenye madoa ya kahawia, na walidhani sababu ni uzembe wa kupiga mswaki, kwa maana ndivyo walivyoambiwa na watu wa mikoa mingine. Sababu ni miamba. Bonde la Ufa limejengwa kwa miamba ya volkano yenye floraidi nyingi, na maji yanayokaa chini ya ardhi kwa muda mrefu huiyeyusha na kupanda nayo kisimani. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru hukivuka. Madhara ya meno hutokea utotoni, wakati meno ya kudumu yangali yanajengeka ndani ya ufizi, na kwa hiyo yakishachomoza na madoa hakuna mswaki unaoweza kuyaondoa. Kiwango kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika.

Kuchemsha maji hakusaidii hata kidogo. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki ile ile ndani ya maji machache zaidi. Hapa Nakuru, Jimbo Katoliki limefanya kazi ya miaka mingi kutengeneza vichujio vya makaa ya mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo hadi ikawa myeusi, husagwa chembechembe, na maji yanapopita katikati yake floraidi hunaswa. Baada ya muda chembe hizo hujaa na lazima zibadilishwe au zisafishwe upya, jambo linalofanya kichujio kifae zaidi mahali penye mtu wa kukiangalia, kama shule au kituo cha afya, kuliko chumba cha mpangaji anayehama kila mwaka.

Basi tukarudi kwenye maji ambayo hayajagusa mwamba, yaani ya mvua. Msichana mmoja mwepesi wa hesabu alifanya kazi ifuatayo ubaoni. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina karibu mita za mraba 465. Tuseme mapaa yanafunika mita 300. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mvua ya milimita 20, ambayo si kubwa kwa mwezi wa Aprili, ingeangusha lita 6,000 juu ya ploti moja, sawa na mitungi 300. Tulizunguka kutafuta mifereji ya mabati kwenye kingo za mapaa, na katika ploti nyingi haikuwepo. Wapangaji walitueleza sababu bila kusita: paa ni la mwenye nyumba, tangi litaachwa siku ya kuhama, na mwenye nyumba naye halipiwi zaidi kwa kuweka mfereji. Paa lina mwenyewe, mpangaji ana kiu, na maji yaliyo kati yao hayana wa kuyadai. Yanamwagika mtaroni, na hapo tunaingia kwenye rangi nyekundu ya ramani yetu.

Alhamisi

Mvua ilikuja saa tisa alasiri, tukiwa tumejikinga chini ya baraza ya kinu cha kusagia mahindi. Mawingu yalianzia upande wa Menengai, na kwa sababu tulikuwa tumesimama pale Jumatatu, wanafunzi walijua kwamba maji ya kule yatatufikia hata kama mvua ya hapa ingekatika. Ndivyo ilivyokuwa. Mvua ilipungua baada ya muda mfupi, na mtaro uliendelea kupanda.

Niliwagawa pande mbili za barabara waandike kila kinachopita. Kwanza yalipita maji meusi yaliyokuwa yamelala mtaroni kwa wiki, yakisukumwa na maji mapya. Zikafuata chupa za plastiki kwa wingi, ndala, magunzi, vipande vya sponji za magodoro, na mifuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na ni kweli imepungua. Inayopita sasa ni ile laini ya kufungia mkate na sukari, na mifuko ya kitambaa chepesi ambayo ilikuja badala yake na ambayo nayo huishia pale pale. Katikati ya mafuriko harufu ilibadilika ghafla. Mzee mwenye kinu alitikisa kichwa akasema, "Kuna mtu amefungulia choo." Shimo likijaa, na gharama ya lori la kulinyonya ikiwa kubwa, mvua kubwa huwa ndiyo nafasi ya kulipunguza bila kulipa. Kitendo hicho kinamwondolea mtu mmoja shida yake na kuwagawia walio chini yake, na watoto waliokuwa wakivuka maji yale hadi magotini walikuwa wengi.

Kalivati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, iliyo kwenye makutano iliziba kabla ya saa kumi. Maji yalipanda juu ya barabara, yakaingia katika ploti mbili zilizo bondeni, na hapo tuliona jambo ambalo lilistahili safari nzima: wapangaji wa ploti zile mbili walitoka kwa pamoja na majembe, wakafungua kalivati kwa mikono, wakatupa taka zilizoziba juu ya ukingo wa mtaro, wakarudi ndani kuendelea na deki. Taka zile zitarudi mtaroni mvua ijayo. Watu hawa si wavivu hata kidogo; wamefanya kazi ngumu kuliko sisi sote leo. Kazi yao inaanzia pale hatari inapogusa geti lao na kukoma pale inapoliacha, na kalivati, ambayo inawahusu watu wote walio juu yao, inasafishwa na wale tu walio chini.

Kuna sababu nyingine ya kuziba, nayo iko kwenye udongo. Tulijaza maji ya mtaro katika chupa zenye kupitisha mwangaza na kuziacha zitulie. Mchanga ulizama mara moja. Juu yake ikajipanga tabaka ya chembe nyepesi za mawe ya volkano, na maji ya juu kabisa yalikuwa bado ya rangi ya chai tulipoondoka usiku. Ardhi ya hapa ni jivu la milipuko ya kale, jepesi, lisiloshikana, linalokatika kirahisi maji yanapopata kasi. Mtaro usiojengewa kwa mawe hujichimba wenyewe mwaka hadi mwaka mpaka ukawa bonde dogo linalotishia msingi wa nyumba, kisha udongo ule ule uliochimbwa huenda kujaza kalivati iliyo mbele.

Upande huu wa magharibi mwa mji pia umepitiwa na nyufa za Bonde la Ufa zilizofunikwa na jivu. Maji ya mvua yakipata njia ya kuingia chini, hubeba jivu taratibu kutoka ndani huku uso wa ardhi ukibaki mzima, hadi siku unapokosa cha kuushikilia na kuporomoka. Mzee mwenye kinu alituonyesha mahali palipowahi kudidimia na kujazwa kifusi. Nilipomuuliza kifusi kilitoka wapi, alicheka: kila mtu alileta taka zake, na kwa mara moja hakuna aliyewakemea.

Ijumaa

Siku ya vyoo, ambayo wanafunzi walikuwa wakiiogopa.

Ploti chache tulizozitembelea zimeunganishwa na bomba la maji taka; nyingi hutumia mashimo. Katika udongo wa jivu shimo lisilojengewa kuta hubomoka, na lililojengewa vizuri haliwezi kuhamishwa, hivyo lazima linyonywe. Nakuru ina mitambo miwili ya kusafisha maji taka, wa Mjini na wa Njoro, na maji yanayotoka katika yote miwili huelekea ziwani. Kinachobaki baada ya maji kuondoka ni tope, na hapa mji wetu umefanya jambo ambalo linastahili kujulikana zaidi: tope hilo hukaushwa, huchomwa katika hewa kidogo likawa mkaa, huchanganywa na unga wa mkaa wa maranda ya mbao na molasi, kisha huviringishwa kuwa vidonge vinavyouzwa kwa jina la Makaa Dotcom. Nilileta mfuko mmoja. Tuliuwasha kwenye jiko uani, na vijana, ambao walikuwa wameapa kutoonja chochote kitakachopikwa juu yake, waliusogelea wakinusa. Haukuwa na harufu wala moshi wa kuwasha macho. Chai iliyochemkia hapo waliinywa wote isipokuwa mmoja, ambaye alishikilia msimamo wake na ambaye namheshimu kwa hilo.

Jumamosi

Tuliamua kuifuata taka inayobahatika kuokotwa. Katika Kaptembwo, vikundi vya vijana hupita kila wiki katika ploti zilizojiandikisha, huchukua gunia la kila nyumba kwa malipo madogo, na huyapeleka mahali ambapo lori litayachukua. Ploti isiyolipa haichukuliwi, na taka zake ndizo zinazojaza pembe nyekundu za ramani. Wale vijana wanalifahamu jambo hilo vizuri. Mmoja aliniambia kwamba kwa kuiangalia pembe anaweza kutaja ploti iliyosimamisha malipo mwezi huo.

Mwisho wa safari ya lori ni Gioto, jaa kuu la mji, lililo kwenye mteremko wa Menengai juu ya mtaa wa London. Wanafunzi walinyamaza walipotambua tulipo. Tulikuwa tumepanda tena. Kila kilichokusanywa chini kimebebwa kwa mafuta ya dizeli hadi juu, mahali ambapo mvua kubwa huweza kukiburura tena kuelekea barabarani na mitaa iliyo chini yake. Moshi ulikuwa ukifuka pembeni mwa rundo. Watu wengi hufanya kazi hapo, wakichagua chupa, vyuma na nguo, na mama mmoja aliyekuwa akipima chupa kwenye gunia alituambia bila majivuno yoyote kwamba kama wao wasingekuwepo jaa hili lingekuwa limeshateremka mjini. Namwamini. Kabla ya kuondoka aliwauliza wanafunzi wangapi hutenga maganda ya chakula na plastiki nyumbani, kwa kuwa kilichochanganyika na uji uliochacha hakiuziki, na hakuna aliyeinua mkono.

Jumapili

Tumepumzika. Ninaandika tu kwamba kutoka dirishani kwangu vipaza sauti vya makanisa manne vilishindana tangu saa mbili, na kwamba kelele, ambayo tuliisahau kabisa katika mpango wetu, nayo ingepakwa rangi nyekundu.

Jumatatu

Kutoka Kaptembwo tumeteremka kupitia mtaa wa Rhonda hadi Mto Njoro. Mto huu unaanzia kwenye milima ya Mau, unapita Chuo Kikuu cha Egerton na mji wa Njoro, na unapotufikia umeshapokea mengi kutoka kwa wengine. Akina mama walikuwa wakifua kwenye mawe, bodaboda zilikuwa zikioshwa, na ng'ombe walikuwa wakinywa upande wa juu, mpangilio ambao wanafunzi waliufikiria kwa muda. Mitaro miwili tuliyoichora tuliifuata mpaka tukaiona ikiungana na bonde linaloelekea huku. Kijana aliyeandika "chini" siku ya kwanza aliniomba daftari lake na akaongeza jina la mto mbele ya neno hilo.

Mbele zaidi kuna ua wa umeme wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968 na ambayo ziwa lake lilikuwa la kwanza nchini kuingizwa katika orodha ya ardhi oevu ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kuzilinda, mwaka 1990. Tangu tarehe 5 Juni 2020 hakuna anayeruhusiwa kuingia katika hifadhi za nchi hii na chupa ya plastiki ya kutumiwa mara moja. Mtalii hunyang'anywa langoni. Mahali mto unapopita chini ya ua, chupa zilikuwa zikiingia bila kiingilio, moja baada ya nyingine.

Wanafunzi waliuliza kuhusu flamingo, kwa sababu babu zao huwasimulia ufuo uliokuwa wa waridi. Ziwa limepanda sana tangu mwaka 2010 hivi, limemeza misitu ya migunga iliyokuwa ukingoni na kuilazimisha hifadhi kuhamisha lango lake kuu. Maji mengi yamepunguza magadi, na mwani mdogo ambao flamingo wadogo huutegemea kwa chakula hustawi katika maji ya magadi makali. Hivyo ndege wengi wamehamia maziwa mengine, likiwemo Bogoria. Wataalamu wanaotafuta sababu za kupanda huko hutaja mvua nyingi, mabadiliko ya ardhi katika vilima vinavyolizunguka ziwa, na udongo unaoingia na mito. Kuhusu hilo la mwisho tulikuwa na chupa zetu za Alhamisi, ambazo mmoja wa wasichana alikuwa amezibeba kwenye mkoba. Maji ya juu yalikuwa yameanza kuwa meupe, na tabaka la tope lilikuwa nene kuliko vidole viwili.

Jumanne

Leo jioni tumeipeleka ramani kwenye mkutano wa nyumba kumi, yaani kikundi cha majirani, uani kwa balozi anayekiongoza. Walikuja wapangaji, wasimamizi, na wenye nyumba wachache. Nilimwachia msichana wa hesabu aeleze, akaanza na mitungi 300, uamuzi mzuri kuliko ule ambao ningeufanya mimi, kwani wenye nyumba waliokuwa wamekuja kujitetea dhidi ya shutuma za uchafu walijikuta wakiulizana bei ya mifereji ya mabati na nani atakayeilipia.

Mjadala wa mtaro ulikuwa mkali zaidi. Pendekezo la wanafunzi lilikuwa rahisi: mstari mwekundu ukatwe vipande, na kila kipande kiandikwe namba za ploti zinazokipakana, ili karatasi ya zamu iliyo kwenye mlango wa choo iongezwe mstari mmoja wa mtaro. Wa juu walisema maji machafu si yao, yanatoka Menengai. Wa bondeni waliwajibu kwamba maganda ya ndizi hayaoti Menengai. Mzee mwenye kinu alipendekeza kalivati isafishwe na ploti zote zilizo juu yake kwa zamu, wala si zile mbili zinazofurika, na baada ya mabishano pendekezo hilo ndilo lililokubaliwa, kwa kuanzia Jumamosi ijayo, taka zikipakiwa kwenye gunia la vijana na si kurundikwa ukingoni. Vijana wenyewe walisema watachukua gunia hilo ikiwa ploti tatu walizozitaja hadharani zitamaliza madeni yao.

Imebaki ploti tupu iliyo kwenye pembe. Mwenyewe anaishi mji mwingine na hakuna aliyekuwa na namba yake, mpaka fundi wa mabati aliyekaa nyuma akasema kwamba alimjengea ua zamani na bado anamdai. Ametumwa ampigie simu kesho asubuhi, kwa mambo yote mawili.